Gari la skrepa, ndugu wawili na uwanda wa chumvi

Mnisamehe wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Kazi ya gazeti ndiyo hiyo, ukimaliza moja unatupiwa nyingine kabla hujafuta jasho. Moja ya kazi hizo ilinipeleka Gerezani, hapa Dar es Salaam, kuandika habari ya bei ya vyuma chakavu. Habari yenyewe ilikatwakatwa mpaka zikabaki aya nne, chini ya tangazo la mnada. Lakini nilitoka kule na swali ambalo halikuwemo kwenye daftari langu. Fundi mmoja wa kuchomelea, mzee wa makamo, alikuwa amekalia gia boksi akinywa kahawa. Akaniuliza: "Mwandishi, wewe si msomi? Hivi mtu anaweza kuchukua injini ya ndege akaifunga kwenye gari, na likatembea?"

Nilicheka. Kisha nikaona aibu, maana jibu sikuwa nalo. Nikamwambia, "Mzee, nipe siku chache."

Jibu ni ndiyo. Na si kutembea tu. Mwaka 1964 na 1965 gari la namna hiyo, lililoundwa kwenye karakana ya uani na mtu ambaye hakuwa mhandisi wa darasani, lilishika rekodi ya dunia ya mwendo kasi juu ya ardhi mara tatu. Nimeshinda na habari hii usiku kucha siku kadhaa, na naomba niwasimulie yote, pamoja na sehemu ambazo wasimuliaji wengi huzirukia haraka.

Twende Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Kama umewahi kusoma ubavuni mwa tairi ukaona jina Goodyear au Firestone, basi umeshakutana na Akron bila kujua. Kampuni zote mbili zilizaliwa mji huo, na kwa miaka mingi ulikuwa ndio makao makuu ya matairi duniani. Likumbukeni hilo, litarudi.

Nje kidogo ya mji, kwenye barabara iitwayo Pickle Road, familia ya Arfons ilikuwa na kinu cha kusaga chakula cha mifugo. Kulikuwa na vijana wawili wa mama mmoja, baba mbalimbali. Mkubwa ni Walt, aliyezaliwa 1916. Mdogo ni Art, wa 1926. Kinu ni shule nzuri ya ufundi, sababu mashine zinaharibika kila siku na mteja anasubiri na gunia lake mlangoni. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Art aliingia jeshi la majini la Marekani, akawa fundi wa injini kwenye vyombo vya kushusha askari pwani, akafika mpaka Okinawa. Vita ikaisha, akarudi kinuni.

Mwaka 1952 ndugu hawa walikwenda kutazama mashindano ya magari ya kukimbia mstari mfupi ulionyooka. Waliporudi nyumbani wakaanza kuunda la kwao. Lilikuwa dude la ajabu la magurudumu matatu, na kwa kuwa kulikuwa na rangi ya kijani ya trekta iliyobaki, wakalipaka hiyo. Mtangazaji wa uwanjani alipoliona likiingia akaliita zimwi la kijani. Watu wakaangua kicheko. Jina likaganda, na tangu hapo kila gari alilounda Art aliliita Green Monster, hata yale ambayo hayakuwa ya kijani.

Siri yao ya mwanzo ilikuwa skrepa ya kijeshi. Baada ya vita Marekani ilikuwa na injini za ndege nyingi kuliko ndege. Injini za Allison zenye silinda 12, zilizoendesha ndege za kivita, ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Wenye magari ya mashindano walizikwepa kwa sababu ni nzito. Ndugu wa Pickle Road walizichukua, wakazichomelea fremu, wakaanza kuwashinda watu wenye fedha. Kwa miaka kadhaa walifanya kazi pamoja, bega kwa bega.

Halafu wakagombana.

Nimesoma maelezo mbalimbali ya ugomvi huo, na kila mmoja anavutia kwake. Fedha zimo, sifa zimo, nani alivumbua nini imo. Mwenye kaka anaelewa bila kuelezwa zaidi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kila mmoja alikuwa na karakana yake, jirani na ya mwenzake, kwenye barabara ile ile, na walikuwa hawasemeshani. Unasikia nyundo ya nduguyo upande wa pili wa ukuta, unajua anaunda kitu, na huendi kuuliza.

Wakati huo huo injini za jeti nazo zilianza kuingia kwenye skrepa. Walt alitangulia. Art akafuata, na hapa ndipo hadithi ya fundi inaponoga.

Injini aliyoipata Art iliitwa J79, kazi ya General Electric. Si injini ya mchezo. Ndiyo iliyosukuma ndege ya kivita F-104 Starfighter kupita mwendo wa sauti mara mbili, na F-4 Phantom nayo iliitumia. Hii moja ilikuwa imemeza kitu kigeni ikaharibika ndani, jeshi likaiandika kuwa haifai, ikaishia kwa muuza skrepa huko Miami. Art aliinunua kwa dola kama 600. Alipowapigia wenye kiwanda kuomba kitabu cha mwongozo, aliambiwa injini hiyo ni mambo ya siri ya jeshi na raia hapaswi kuwa nayo kabisa. Yeye alipenda kusimulia kwamba walitaka hata kuja kuichukua. Lakini risiti alikuwa nayo. Wazee wa Gerezani, hapo mnanielewa... risiti ni silaha!

Basi akaifungua bila kitabu. Kwa sisi tusiojua, mbele ya injini ya jeti kuna safu nyingi za bledi, yaani vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama mapanga ya feni, kazi yake kuvuta hewa na kuikandamiza. J79 ina safu 17 za namna hiyo, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika. Bledi moja ikipinda, uwiano unapotea, injini inatetemeka mpaka inajirarua yenyewe. Kiwandani wangebadilisha bledi mbovu kwa mpya. Art hakuwa na mpya. Akafanya anavyofanya fundi yeyote wa feni ya mezani panga moja likivunjika: zile zilizoharibika akazitoa, halafu akatoa na nyingine nzima mahali panapostahili kwenye duara, ili uzito ubaki sawa pande zote. Nguvu ikapungua kidogo. Mtetemo ukaisha.

Alipotaka kuijaribu hakuwa na chumba cha majaribio. Aliifunga kwenye miti nyuma ya karakana akaiwasha. Majirani wa Pickle Road sina haja ya kuwaelezea.

Gari lenyewe alilijenga kuizunguka injini hiyo, yeye na rafiki yake Ed Snyder, bila mchoro wa kihandisi. Aliweka injini chini, akapima kwa macho na kwa futi, akachomelea mabomba ya chuma pembeni yake. Ekseli ya mbele ilitoka kwenye Lincoln ya zamani. Mfumo wa usukani ulitoka kwenye Packard. Pua ya gari ni mdomo mkubwa wa kumeza hewa, kwa hiyo dereva hawezi kukaa katikati. Art akatengeneza vyumba viwili vidogo, kimoja kila upande wa mdomo, dereva akakaa kushoto. Juu ya pua aliweka bawa dogo lililogeuzwa, ili upepo ulikandamize gari chini badala ya kulinyanyua. Nyuma, miavuli ya kusimamishia. Zima lilikuwa na uzito wa tani 3 hivi, na injini ile, mafuta ya ziada yakimwagwa na kuwashwa kwenye moto wa nyuma, ilisukuma kwa nguvu ya karibu tani 8. Fanyeni hesabu wenyewe.

Mwaka huo huo wa 1964 Mwingereza Donald Campbell alikuwa na gari lake Bluebird, lililoundwa kwa msaada wa makampuni chungu nzima ya Uingereza, na gharama yake hutajwa kuwa karibu pauni milioni 1. Mwezi Julai, kwenye ziwa kavu la Eyre huko Australia, lilifika kilomita 648.73 kwa saa. Kazi safi, na tofauti na la Art, injini yake ilizungusha magurudumu. Lakini ukiweka bili mbili hizo mezani, ya Campbell na ya Pickle Road, huwezi kuacha kutabasamu.

Hapa ndipo napaswa kuwa mkweli. Sisi waandishi tunaipenda sana hadithi ya mtu wa skrepa aliyewashinda matajiri, inajiandika yenyewe. Ila kuna kitu kimoja ambacho Art Arfons hakuweza kukiokota jalalani wala kukichomelea uani, nacho ni tairi. Kwenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa gurudumu linazunguka kwa kasi ambayo mpira wenyewe unataka kuruka na kuondoka. Tairi la kazi hiyo lina mpira mwembamba mno juu yake, halina hata kashata za kushika barabara, na linahitaji kiwanda, maabara na fedha nyingi. Fedha hizo zilikuwa Akron. Firestone ilimchukua Art. Goodyear ilimchukua Walt, na gari lake likaitwa Wingfoot Express, kutokana na ule mguu wenye mbawa ulio nembo ya Goodyear. Yaani ugomvi wa ndugu wawili wa barabara moja ukawa pia vita ya matangazo ya kampuni mbili za mji mmoja. Mtu wa tatu, Craig Breedlove kijana wa California, naye alikuwa chini ya Goodyear.

Uwanja wa vita ni Bonneville, jimbo la Utah. Ni mabaki ya ziwa la kale lililokauka likaacha chumvi, tambarare nyeupe mpaka upeo wa macho. Sheria yake ni rahisi kueleza na ngumu kutimiza: unakimbia maili iliyopimwa upande mmoja, unageuza, unarudi upande wa pili ndani ya saa moja, kisha wastani ndio unaandikwa. Mvua za mwisho wa mwaka zikija, uwanda unageuka bwawa na msimu umekwisha. Kwa hiyo kila mtu anataka wiki zile zile chache.

Tarehe 2 Oktoba 1964, Wingfoot Express ya Walt iliingia. Walt hakuendesha mwenyewe, usukani ulishikwa na Tom Green. Wastani: kilomita 664.98 kwa saa. Kaka mkubwa alikuwa na rekodi ya dunia.

Alikaa nayo siku 3.

Tarehe 5 Oktoba Art alipanda kwenye lile gari lake la skrepa akaandika 698.49. Nimejaribu mara nyingi kuwaza Walt alijisikiaje siku ile. Umeota kitu miaka kumi na zaidi, umekipata, na anayekupokonya kabla hujamaliza kupongezwa ni mdogo wako ambaye hamsalimiani.

Mengine yalikwenda kwa kasi ya ajabu. Tarehe 13 Breedlove akafika 754.33, tarehe 15 akafika 846.97. Katika mbio hiyo ya pili miavuli yake ilikatika, breki zikaungua, akakata nguzo ya simu na kuishia kwenye dimbwi la maji ya chumvi, akatoka anaogelea. Tarehe 27 Oktoba Art akarudi na kuandika 863.75. Ndani ya mwezi mmoja rekodi ilikuwa imepanda kwa karibu kilomita 200 kwa saa.

Mwaka uliofuata, 1965, Breedlove alikuja na gari jipya lenye injini ya J79 kama ya Art, na tarehe 2 Novemba akafika 893.97. Siku tano baadaye, tarehe 7, Art akajibu kwa 927.87. Kwa mwendo huo, Dar mpaka Morogoro ni dakika kama 12, hujamaliza hata soda. Lakini kwenye mbio hiyo tairi la nyuma la kulia lilipasuka, vipande vikararua bodi, na moshi ukajaa chumba cha dereva. Alilisimamisha bila kuona mbele. Breedlove akachukua rekodi tena tarehe 15 kwa 966.57, na hiyo ikadumu mpaka 1970.

Katikati ya hizo tarehe mbili kuna jambo moja dogo nalipenda. Tarehe 12 Novemba 1965, kwenye chumvi ile ile, ndugu wengine wawili, Bob na Bill Summers wa California, walileta gari lao Goldenrod. Halikuwa la jeti. Lilikuwa na injini nne za kawaida za Chrysler zilizopangwa mstari mmoja, likafika 658.64, rekodi ya magari yanayosukumwa na magurudumu yenyewe. Hao waliunda pamoja, wakasafiri pamoja na kurudi nyumbani pamoja. Leo Goldenrod liko kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford huko Michigan. Magazeti ya wakati ule hayakulipa nafasi kubwa. Nadhani najua kwa nini, maana hata mimi nimewapa aya moja tu!

Art alirudi Bonneville 1966. Tarehe 17 Novemba, akiwa amepita kilomita 900 kwa saa, beringi ya gurudumu la mbele la kulia iliganda. Beringi tu. Gari lilibiringika na kusambaratika, mabaki yakatawanyika zaidi ya maili moja. Waliofika kwanza walikwenda kuokota maiti. Wakamkuta hai, na majeraha madogo, macho yameumizwa na chumvi. Lile chumba dogo alilolichomelea mwenyewe pembeni ya mdomo wa injini lilibaki zima.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, kwa muujiza. Mimi siwezi, kwa sababu ya kitu nilichokikuta baadaye.

Art hakuacha. Aliunda magari mengine ya jeti na kuzunguka nayo viwanjani, watu wakilipa kiingilio kuona moto. Baadhi yalikuwa na nafasi ya abiria. Oktoba 1971, huko Dallas, Texas, alimpakia mwandishi wa televisheni aliyekuwa anatengeneza habari juu yake. Gari lilimshinda. Mwandishi yule alikufa, na wafanyakazi wawili wa uwanja wakafa pia. Art akapona tena.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Mwaka jana, kwenye mashindano ya magari, dereva mmoja alinipa kofia ngumu akaniambia "panda tuzunguke, utaandika vizuri zaidi." Nilipanda bila kuuliza hata swali moja. Mhariri hakunituma, nilitaka mwenyewe, na nilirudi na habari nzuri, wenzangu wakanipongeza. Sijui yule wa Dallas aliambiwa nini kabla ya kufunga mkanda, ila nadhani alitaka kitu kile kile nilichotaka mimi. Na dereva wake alikuwa mtu ambaye kila mmoja alijua hafi.

Baada ya siku ile Art aliachana na magari ya jeti kwa muda mrefu. Akahamia mashindano ya kuvuta mizigo kwa matrekta, akayafunga injini za helikopta na ndege, akashinda huko pia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa na zaidi ya miaka 60, alirudi Bonneville na gari dogo jipya alilounda. Rekodi haikupatikana. Mwaka 1983 Mwingereza Richard Noble alishafika kilomita 1,019 kwa saa, na 1997 mwenzake Andy Green akavuka mwendo wa sauti kwa gari la injini mbili za Rolls-Royce, 1,227.99. Hiyo ndiyo rekodi mpaka leo, na haikutengenezwa uani kwa mtu.

Art Arfons alifariki Desemba 2007. Walt alimfuata 2013.

Wiki hii nilirudi Gerezani. Nilimkuta mzee pale pale, safari hii anakata bomba. Nikampa shikamoo, nikakaa juu ya ndoo, nikamsimulia yote. Alisikiliza bila kuzima mashine. Kwenye bledi aliizima. Akaniambia yule bwana alifanya sahihi, hata yeye angetoa ya upande wa pili. Nilipofika kwenye beringi alitikisa kichwa, akasema beringi za skrepa usiziamini hata kwenye mkokoteni. Habari ya mwandishi wa Dallas sikujua niitoeje, nikaitoa tu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule mwenzangu alikuwa na watoto.

Mwisho nikamwambia walivyomzika Art: ndani ya jeneza waliweka chupa ya chumvi ya Bonneville, kitabu cha mwongozo wa injini ya J79, kile kile alichonyimwa mwanzoni, na spana moja kila mkono.

Mzee akawasha tena mashine yake, kisha akaizima.

"Spana namba ngapi?"